Kidonda cha Jicho: Sampuli Kwanza, Dawa Baadaye

Msimu wa kuvuna ufuta wilayani Kilwa huwa na majeraha yasiyohesabiwa. Bua kavu likimpiga mkulima jichoni, huacha mkwaruzo kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Vimelea vikipenya hapo, jicho huwa jekundu, huuma na kukimbia mwanga, na baada ya siku chache doa jeupe hujitokeza. Wengi huanzia duka la dawa au kwa mganga. Hospitali huja mwisho.

Kidonda cha bakteria na cha fangasi hufanana sana kwa kuangalia tu, ilhali tiba zake ni tofauti kabisa. Matone ya antibayotiki hayaui fangasi, na yenye steroidi huwapa nafasi ya kuchimba zaidi. Utafiti uliofuatilia wagonjwa 313 kusini magharibi mwa Uganda kati ya 2016 na 2018 ulikuta fangasi ndio wanaoongoza.

Kutofautisha bakteria na fangasi huanzia kwenye ncha ya sindano. Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi, usaha na tishu iliyokufa huondolewa, kisha daktari wa macho hukwangua kingo na kitako cha kidonda. Kinachopatikana hakionekani vizuri kwa macho, kwa hiyo hakitiwi kwenye chupa kikasafirishwe. Hupakwa papo hapo kwenye slaidi, halafu kwenye sahani za kuoteshea vimelea, kwa sindano mpya kila mkwanguo. Juu ya sahani huchorwa mistari yenye umbo la herufi C: kinachoota juu ya mstari kimetoka jichoni; kinachoota pembeni huenda kimedondoka kutoka hewani.

Yote haya yafanyike kabla ya tone la kwanza la antibayotiki, kwani dawa hupunguza uwezekano wa vimelea kuota. Sampuli ikishachukuliwa, tiba ianze bila kungoja majibu.

Bakteria huota kwa siku moja au mbili. Fangasi huweza kuchukua hata wiki mbili. Ongeza takriban kilomita 300 za kupeleka sahani Dar es Salaam, barabara ambayo Mei 2024 ilikatika wilayani Kilwa kwa mvua za Kimbunga Hidaya. Slaidi haihitaji safari hiyo. Tone la potasiamu haidroksaidi huyeyusha seli za jicho, na nyuzi za fangasi, kama zipo, hubaki wazi ndani ya dakika chache chini ya hadubini ileile inayotafutia malaria na kifua kikuu. Kwa hiyo swali kubwa kuliko yote, kama ni fangasi au la, linaweza kujibiwa wilayani.

Mgonjwa akipewa rufaa, slaidi iende naye, imeandikwa jina, tarehe, jicho la kulia au la kushoto, na kila dawa iliyokwisha kutiwa, pamoja na ya kienyeji. Lebo isipokamilika, anayempokea hulazimika kulikwangua upya jicho ambalo tayari lina kidonda.