Kabla ya Kukubali Bandama Itolewe

Mgonjwa akiambiwa chembe sahani zake, zile zinazosaidia damu kuganda, ni 22,000, ilhali kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila mikrolita ya damu, nyumba nzima hukosa usingizi. Swali la upasuaji mara nyingi huanza na ndugu: "Daktari, si mumtoe hiyo bandama yaishe?"

Hofu yao naielewa. Bandama ndiyo mahali hasa chembe hizi zinapoangamia. Katika ugonjwa uitwao ITP, mwili hutengeneza kingamwili zinazonata kwenye chembe sahani zake wenyewe, na damu inapopita bandamani, chembe zilizonatwa humezwa. Mwaka 1916 Paul Kaznelson, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Prague, alishauri mgonjwa atolewe bandama, na chembe zikapanda. Hadi leo, takriban wagonjwa wawili kati ya watatu wanaofanyiwa upasuaji huo hukaa miaka mingi bila kuhitaji dawa.

Lakini kwanza tuwe na hakika ya ugonjwa. Kuna damu ambayo chembe zake hugandamana ndani ya kichupa cha maabara, mashine ikahesabu chache. Mtaalamu akitazama kwa hadubini huliona hilo mara moja. Malaria na dengi hushusha chembe, VVU na homa ya ini C pia. Tena katika ITP bandama kwa kawaida haivimbi. Daktari akiigusa chini ya mbavu za kushoto, atafute kwanza kichocho, ugonjwa wa ini au malaria ya muda mrefu.

Namba nayo isitutawale. Mtu mzima mwenye 35,000 asiyevuja damu anaweza kufuatiliwa tu bila dawa. Anayenitia wasiwasi ni yule mwenye malengelenge ya damu kinywani, fizi zinazochuruzika, au hedhi isiyokatika.

Mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha wataalamu wa damu cha Marekani unashauri kusubiri angalau mwaka mmoja tangu ugonjwa ugundulike, kwa kuwa baadhi hupona wenyewe. Watoto ndio zaidi. Katika muda huo hutumika prednisoloni, kwa wiki chache tu, kisha dawa kama rituximab au eltrombopag. Hizi ni ghali. Familia isiyozimudu ikichagua upasuaji baada ya kusubiri, mimi naona imeamua kwa busara.

Ila gharama ya upasuaji haiishii hospitalini. Asiye na bandama hubaki maisha yake yote katika hatari ya bakteria, hasa nimokoka, wanaoweza kumuua ndani ya saa 24. Malaria nayo humpata kwa ukali zaidi, na kwetu mbu hawana likizo. Chanjo za nimokoka, meningokoka na Hib zitolewe angalau wiki mbili kabla ya kisu. Ukipangiwa tarehe ya upasuaji na hakuna aliyetaja chanjo, uliza.

Na kama bandama yako imeshatolewa, homa yoyote ni dharura. Usinywe panadoli ukalala. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, na neno la kwanza kumwambia muuguzi liwe: sina bandama.