Kwa nini saratani ya sainasi hurudi baada ya matibabu

MGONJWA wa saratani ya sainasi anapomaliza upasuaji na tiba ya mionzi, jamaa zake huandaa sala ya shukrani wakiamini vita vimekwisha. Hata hivyo, miaka miwili ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi. Maradhi haya yakirudi, mara nyingi hurudi katika kipindi hicho, na aghalabu pale pale yalipoanzia.

Sainasi ni matundu yenye hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso, kandokando ya pua. Uvimbe huweza kukua humo kwa muda mrefu bila kugunduliwa, kwani dalili zake hufanana na za mafua. Unapotambuliwa, mara nyingi huwa umelikaribia jicho au ubongo. Hapo daktari hawezi kukata sehemu pana kuuzunguka bila kuhatarisha viungo hivyo, na chembechembe chache zinazosalia huweza kuota upya.

Ingawa ni nadra, saratani hii inawahusu wakazi wa Bonde la Ufa. Mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani ya pua na sainasi. Katika miji ya Elburgon na Molo, kazi ya kupasua mbao imelisha familia nyingi kwa miongo kadhaa. Aliyetibiwa anashauriwa kuepuka vumbi hilo na kuacha sigara kabisa.

Zamani wagonjwa wengi wa Nakuru walisafiri takriban kilomita 160 hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, kupata tiba ya mionzi. Siku hizi huduma hiyo inapatikana katika kituo cha saratani cha Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wengi bado huiita PGH.

Mwaka wa kwanza, mgonjwa hupaswa kuonwa na daktari kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, hata akijihisi mzima. Asingoje siku ya kliniki iwapo pua itaziba au kutoka damu upande mmoja, shavu kufa ganzi, jicho kutokeza, meno kulegea au uvimbe kuota shingoni. Uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo, huenda ukaondolewa tena. Ukichelewa, matibabu yanayobaki mara nyingi ni ya kutuliza maumivu tu.