Jaji Aliyefungwa Mikono

Mwezi wa Novemba mwaka 2004, katika mji wa Salt Lake City, jimbo la Utah, nchini Marekani, jaji mmoja aitwaye Paul Cassell aliwahukumu watu wawili siku moja. Wa kwanza alikuwa amempiga bibi mzee hata akafa, naye alipewa kifungo cha karibu miaka 22. Wa pili alikuwa kijana, baba wa watoto wadogo, aliyekutwa na hatia ya kuuza bangi mara kadhaa hali akiwa na bastola. Bastola hiyo hakumpigia mtu wala hakumwelekezea mtu. Kijana huyu alipewa kifungo cha miaka 55.

Jaji mwenyewe aliandika katika hukumu yake ya kuwa kifungo hicho ni cha dhuluma na ukatili, wala hakiingii akilini, na akamwomba Rais wa nchi ampunguzie kijana yule adhabu. Wala Bwana Cassell hakuwa mtu wa kuwaonea wahalifu huruma ovyo. Alijulikana sana kwa kutetea haki za wale waliodhulumiwa na wahalifu. Kwa makosa mengine yote ya kijana yule alimpa siku moja tu. Lakini ile miaka 55 hakuweza kuigusa, kwa kuwa sheria ilikwisha kuihesabu kabla kesi haijafika mbele yake: miaka mitano kwa bastola mara ya kwanza, ishirini na mitano kwa mara ya pili, na ishirini na mitano kwa mara ya tatu.

Wasomaji wetu wapenzi, huenda baadhi yenu mkauliza: imekuwaje katika nchi yenye mahakama mashuhuri jaji akafungwa mikono, hata akatoa hukumu anayoiona mwenyewe kuwa ni dhuluma? Jambo hili lina historia yake, nayo yafaa kujulikana na kila mwenye nyumba na kila kijana.

Kwanza yatupasa kufahamu ya kuwa Marekani ina sheria za namna mbili. Kila jimbo lina sheria zake, polisi wake na magereza yake, na wafungwa walio wengi wamo humo. Juu ya majimbo iko Serikali ya Shirikisho, yenye bunge lake liitwalo Kongresi, mahakama zake na magereza yake. Zamani jaji wa shirikisho alikuwa na uhuru mkubwa. Sheria ilimwekea mpaka wa juu wa adhabu, naye akapima kosa, mkosaji, na hali ya mambo. Uhuru huo ulikuwa na aibu yake, kwani watu wawili wenye kosa moja waliweza kupata adhabu mbalimbali kabisa, kwa sababu tu ya tabia za majaji wao.

Ili kuondoa tofauti hiyo, Kongresi ilipitisha sheria mwaka 1984, ikaunda Tume ya Hukumu ili iweke kanuni za vifungo. Kanuni hizo zilianza kutumika mwezi wa Novemba 1987. Kadhalika ilifutwa desturi ya kumfungua mfungwa wa shirikisho mapema chini ya uangalizi. Nia ya mageuzi hayo ilikuwa njema. Lakini kabla kanuni hazijaanza kazi, likatokea jambo lililowatia watu hofu.

Mwezi wa Juni 1986, mchezaji kijana wa mpira wa kikapu, Len Bias, alikufa kwa kokeini siku mbili tu baada ya kuchaguliwa na timu kubwa ya Boston. Nchi nzima ilishtuka. Uchaguzi nao ulikuwa ukikaribia, na kila mwanasiasa alitaka aonekane mkali. Kabla mwezi wa Oktoba haujaisha, sheria mpya ilikwisha kutiwa sahihi. Aliyekutwa na gramu 500 za kokeini ya unga kwa ajili ya kuuza hakuweza kupata chini ya miaka mitano. Lakini kwa kokeini ya vipande, iitwayo krak, gramu tano tu zilitosha kumpa miaka hiyo hiyo. Dawa ni moja, na mizani ni mbili, moja nzito mara mia kuliko ya pili. Na kwa kuwa krak iliuzwa zaidi katika mitaa ya maskini, walio wengi sana katika waliofungwa kwa ajili yake walikuwa watu Weusi.

Si haki kudhani ya kuwa hofu ya Wamarekani ilikuwa ya bure. Mwaka 1991 waliuawa watu zaidi ya 24,000 katika nchi hiyo. Akina mama waliwalaza watoto wao mbali na madirisha wakiogopa risasi. Ndiyo sababu sheria kubwa ya mwaka 1994, iliyoandikwa zaidi na Seneta Joe Biden na kutiwa sahihi na Rais Bill Clinton tarehe 13 Septemba, iliungwa mkono hata na wengi wa wabunge Weusi, ambao watu wao ndio waliokuwa wakiuawa zaidi.

Sheria hiyo ilikuwa na mambo mengi, mema na mazito. Iliahidi fedha za kuajiri askari polisi 100,000 zaidi. Ilileta msaada kwa wanawake wanaopigwa majumbani. Ilikataza kwa miaka kumi baadhi ya bunduki za namna ya kivita. Lakini pia iliongeza makosa kama 60 yenye adhabu ya kifo, na ikaagiza kifungo cha maisha kwa mtu atakayehukumiwa mara ya tatu kwa ukatili mkubwa. Ilitoa fedha za kujenga magereza, na sehemu ya fedha hizo ilipewa majimbo yatakayohakikisha ya kuwa wahalifu wa ukatili wanamaliza asilimia 85 ya vifungo vyao. Hivyo mkono wa Shirikisho ukafika hata kwenye magereza yasiyo yake. Tena iliwanyima wafungwa msaada wa serikali wa kulipia masomo ya chuo, na madarasa mengi ya magerezani yakafungwa.

Uhalifu ulipungua sana katika miaka iliyofuata. Lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya sheria hiyo, na wataalamu hawajapatana ni kiasi gani sheria ilisaidia. Magereza, kwa upande mwingine, yalijaa. Mwaka 1980 wafungwa wa Shirikisho walikuwa karibu 25,000. Mwaka 2013 walizidi 215,000. Na nyuma ya wafungwa hao kulikuwa na nyumba, na watoto waliokua wakimjua baba au mama kwa njia ya barua na ziara.

Hapa liko jambo ambalo twaomba lizingatiwe. Sheria inapomnyang'anya jaji mizani, mizani hiyo haipotei, bali huhamia mkononi mwa mwendesha mashtaka, kwani yeye ndiye achaguaye shtaka, na shtaka ndilo litakaloleta miaka. Kijana wa Utah aliambiwa kabla ya kesi ya kuwa akikiri atapata miaka 15. Alipokataa, aliongezewa mashtaka. Hivyo miaka 40 iliyozidi ilitokana na kukataa kwake, wala si na bangi aliyouza. Haishangazi basi ya kuwa katika mahakama za Shirikisho watu zaidi ya tisa katika kila kumi wanaohukumiwa hukiri bila ya kesi kusikilizwa. Jaji hutoa hukumu yake hadharani na kueleza sababu zake. Mapatano ya mwendesha mashtaka hufanyika faraghani.

Na fundo lililofungwa kwa miezi michache limechukua miongo kufunguliwa, tena nusu nusu. Mwaka 1995 Tume ya Hukumu yenyewe ilishauri tofauti ya krak na unga iondolewe, Kongresi ikakataa. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua ya kuwa kanuni za Tume ziwe ushauri tu kwa jaji, lakini vifungo vilivyowekwa na sheria yenyewe vilibaki. Mwaka 2010 tofauti ya mara mia ilipunguzwa ikawa mara 18. Mwaka 2015 Bwana Clinton mwenyewe alikiri hadharani ya kuwa sheria aliyoitia sahihi ilizidisha ubaya. Mwezi wa Desemba 2018 Rais Donald Trump alitia sahihi sheria iliyozuia miaka ya bastola isirundikwe namna ile juu ya mtu ambaye hajahukumiwa kabla kwa kosa hilo, na ikawafungulia mlango maelfu ya wafungwa wa krak. Msaada wa masomo uliwarudia wafungwa mwaka 2023, baada ya miaka karibu thelathini.

Kijana wa Utah aliachiliwa mwaka 2016, na mwaka 2020 akasamehewa. Alikaa ndani miaka kama kumi na mitatu, na watoto aliowaacha wadogo aliwakuta ni vijana.

Enyi vijana, oneni jinsi biashara ya bangi na bastola ilivyomgharimu mtu ujana wake. Hatusemi ya kuwa hakukosa. Nanyi wazazi, mnaohukumu kila siku katika nyumba zenu, mwajua ya kuwa hasira ni hasara. Adhabu lazima iwepo, na mdhulumiwa lazima alindwe. Lakini adhabu iliyopangwa siku ya hofu, kabla mkosaji hajaonekana uso, humfika hata yule ambaye aliyeipanga hakumkusudia, na miaka aliyokwisha kupoteza hairudishwi na msamaha wowote.