Tundu la Jino na Haki ya Asiyejiweza

Jino huoza pale bakteria wa kinywani wanapogeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi ikayeyusha madini ya jino. Tundu likiwa dogo, jino huzibwa. Likifika kwenye mishipa ya fahamu, mara nyingi hung'olewa. Hivyo umaskini unaomchelewesha mgonjwa ndio unaompotezea jino.

Katikati ya miaka ya 1980 ilijaribiwa nchini Tanzania njia isiyohitaji umeme: sehemu iliyooza huondolewa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji itoayo floridi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Lakini njia rahisi haimfai asiyeijua haki yake. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo katika vituo vya umma kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Asiyejiweza na aende hospitali ya wilaya akiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa wake, akamwone ofisa ustawi wa jamii. Aende mapema, tundu lingali dogo.