Msamaha wa Kodi Usimsahau Mkulima

Ruzuku ni fedha ya umma, na fedha ya umma ni amana. Hatuna budi kulikumbuka neno hilo kila zinapotajwa nafuu za kodi kwa mafuta ya injini yatokanayo na mimea.

Katika miaka ya 2000 serikali kadhaa za Ulaya ziliyapunguzia kodi mafuta hayo, na wawekezaji wakaja mbio kwetu kutafuta ardhi ya kupanda mibono. Wilayani Kisarawe kampuni ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka. Nafuu ilitolewa Ulaya, hasara ikabaki Kisarawe. Kwani kwa sheria zetu ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, hairudi kijijini yenyewe.

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, ndio ghala la pamba la taifa. Katika kila kilo 3 za pamba mbegu, karibu kilo 2 ni mbegu. Mbegu hizo hukamuliwa mafuta ya kupikia, na mashudu yake hulisha ng'ombe. Mafuta hayo yakitengenezwa zaidi yaweza kuendesha injini za dizeli. Basi mwenye kiwanda akilipwa ruzuku kwa kila lita ya nishati, ataiondoa lita hiyo jikoni, nasi bado twaagiza mafuta ya kula kutoka ng'ambo. Ndugu zetu wa Ukerewe na Ukara watalipa zaidi kukaangia samaki, wala nafuu ya injini haitawafikia, maana mashine nyingi za mitumbwi yao hutumia petroli.

Hatusemi nishati ya mimea ikataliwe. Tunasema nafuu iwe na masharti: mkulima aone faida katika bei, ardhi ibaki mikononi mwa kijiji, na chakula kitangulie injini. Tena pa kuanzia papo. Kila baada ya mavuno mkulima wa pamba huagizwa kung'oa mabua na kuyachoma ili kuua wadudu. Mabua hayo hayaliwi na mtu, na yaweza kugeuzwa makaa ya kupikia.

Tunawaomba viongozi wa Simiyu na wapangaji wa bajeti Dodoma waielekeze ruzuku huko kwanza. Moto unaoteketea bure shambani ungeweza kuivisha chakula cha Bariadi na cha visiwani.