Hoho Ndani ya Glasi: Sayansi ya Kuonja Mvinyo wa Nchi ya Baridi

Ukiinusa glasi ya mvinyo wa Cabernet Franc kutoka Finger Lakes, jimboni New York nchini Marekani, huenda harufu ya kwanza kukupokea ikawa ya pilipili hoho iliyokatwa sasa hivi. Hakuna hoho iliyotiwa humo. Harufu hiyo inatokana na kemikali ya kundi la methoksipirazini, iliyomo kwenye hoho na pia kwenye zabibu za ukoo wa Cabernet. Nguvu yake inastaajabisha: nanogramu 15 hivi katika lita moja zinatosha pua kuitambua. Kwa kipimo hicho, gramu 15 tu zingesikika katika lita bilioni moja za mvinyo.

Zabibu za Cabernet Franc, Cabernet Sauvignon na Merlot ndizo nguzo za mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa. Viwanda vidogo vya Finger Lakes huzichanganya kwa mtindo huohuo, ila hali ya hewa yao ni ngumu zaidi. Msimu ni mfupi, na baridi ya Januari huweza kuua mizabibu. Kinachoiokoa ni maziwa yaliyolipa eneo hilo jina lake. Mojawapo, Ziwa Seneca, lina kina cha mita 188 hivi. Maji yake hutunza joto la kiangazi na kulitoa taratibu miezi ya baridi. Hata hivyo wakulima wengi hawabahatishi: kabla ya theluji hufukia kwa udongo sehemu ya shina pale mche ulipobebeshwa, ili juu pakifa, chini pachipue.

Methoksipirazini hujengeka zabibu zikiwa bado za kijani, kisha hupungua zinapoiva. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo yanayowahusu sana wakulima hawa: vichala vilivyopata jua mapema, kabla zabibu hazijaanza kubadilika rangi, vilijenga kemikali hiyo kwa kiasi kidogo kuliko vilivyofichwa na majani. Jua lililokuja baada ya hapo halikuharakisha kupungua kwake. Kwa hiyo harufu kali ya hoho humwambia mwonjaji jambo kuhusu shamba: jinsi majani yalivyopunguzwa mwanzoni mwa kiangazi, na jinsi mwaka ulivyokuwa.

Mdomoni kuna mengine. Baridi huacha asidi nyingi na sukari kidogo kwenye zabibu, hivyo mvinyo huwa mchachu zaidi na kilevi chake huwa cha chini. Tanini za maganda na mbegu huleta ukakasi, ule unaobana ulimi kama ndizi mbichi. Mwonjaji makini huuliza iwapo uchachu, ukakasi na tunda vinabebana, na iwapo ladha inadumu baada ya kumeza au kutema. Aliyezoea mvinyo mzito wa nchi za joto akiupunguzia alama huu wa baridi kwa sababu ni mwepesi, amepima mazoea yake mwenyewe.

Na mwonjaji ndiye kipimo kinachohitaji kuchunguzwa zaidi. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu: waonjaji 54 huko Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 mtafiti Robert Hodgson alionyesha kuwa katika mashindano ya California, majaji walipopewa mvinyo wa chupa ileile mara tatu bila kujua, takribani mmoja kati ya kumi tu ndiye aliyetoa alama zinazokaribiana. Mwaka huohuo, utafiti mwingine uliotumia mashine za kupiga picha za ubongo ulionyesha kwamba bei kubwa iliyotajwa iliongeza raha ya mvinyo uleule.

Anayeumia zaidi ni mzalishaji mdogo, asiye na jina kubwa wala bei ya kutisha ya kumtetea. Lakini tiba ipo, na haina gharama. Chupa zifunikwe. Glasi ziwe za aina moja, na mpangilio ubadilishwe kwa kila mwonjaji. Mvinyo mmoja urudiwe kwa siri ili kupima uthabiti wa waonjaji wenyewe. Kila mtu aandike alama kabla yeyote hajafungua mdomo, kisha anuse tena baada ya saa moja, mvinyo ukiwa umepata hewa. Matokeo yatangazwe pamoja na tofauti za waonjaji: alama 88 ambayo kila mtu aliikaribia si sawa na 88 iliyotokana na 80 na 96.

Namba peke yake haimsaidii mnunuzi, na haimfundishi mkulima. Maelezo ya harufu, uchachu na ukakasi yanawafaa wote wawili. Mkulima aliyepita kichala kwa kichala akifungua njia ya jua anastahili mvinyo wake uonjwe kwa uangalifu unaolingana na wake.