Mdoli wa manyoya na kifua cha mtoto

Msikilizaji mpenzi, juma hili nataka tuzungumze juu ya mdoli wa manyoya, yule dubu au sungura ambaye mtoto halali bila kumkumbatia. Mtoto akikohoa usiku na kifua kikilia filimbi, sisi wazazi hulaumu baridi, tukakimbilia dawa ya kikohozi. Ni mara chache tunatazama kile alichokilaza karibu na pua.

Ndani ya manyoya yale huishi utitiri wa vumbi. Ni kidudu chenye miguu minane, urefu wake kiasi cha theluthi moja ya milimita. Hakiumi wala hakinyonyi damu. Chakula chake ni magamba ya ngozi yanayotupukutika kila siku, na maji hukifyonza kutoka kwenye unyevu wa hewa. Ndiyo maana miji ya pwani, kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, hukifaa sana.

Mwaka 1964 Voorhorst na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walikitaja kidudu hiki kuwa ndicho chanzo cha mzio wa vumbi la nyumbani. Kinachodhuru hasa ni kinyesi chake. Mdoli akikumbatiwa, chembe zake huruka hadi puani. Mwili wa mwenye mzio huzipiga vita kama adui: mafua hayaishi, macho huwasha, na kwa mwenye pumu njia za hewa hubana.

Sisemi mtoto anyang'anywe rafiki yake. Abaki na mmoja tu kitandani, naye afuliwe kila baada ya juma moja au mawili. Maji baridi huondoa kinyesi, lakini vidudu vingi hubaki hai; yatakiwa maji ya nyuzi 60. Changanya maji yanayochemka na ya bomba nusu kwa nusu, utakaribia hapo, na watoto wakae mbali na beseni. Mdoli asiyestahimili moto mfunge ndani ya mfuko, umweke kwenye friza siku nzima, kisha umfue, kwani barafu huua vidudu bali haiondoi kinyesi. Mwisho anikwe juani hadi pamba ya ndani ikauke kabisa; ukimrudisha na unyevu, umewakaribisha upya.

Mto na godoro navyo visisahauliwe. Wala kufua si badala ya daktari: mtoto mwenye pumu asiachishwe dawa zake. Hadi juma lijalo, kwaherini.